Redio ya gari lako inaongea Kijapani? Soma kabla ya kumwita fundi

ILIKUWA saa kumi na moja alfajiri pale Kobero, upande wa Burundi, na foleni ya magari ilikuwa imeanza kusogea. Probox la shemeji yangu halikusogea. Alipozungusha ufunguo lilitoa mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Nyuma yetu madereva wa malori walianza kupiga honi. Ndani ya gari kulikuwa na magunia ya mchele ambayo mteja wa Muyinga aliyataka kabla soko halijachangamka.

Alteneta ilikuwa nzima. Betri ilikuwa ya miaka mitatu, lakini jana yake ilikuwa imewasha gari bila matata. Aliyekula umeme usiku kucha alikuwa redio mpya, iliyofungwa siku nne kabla na fundi ambaye jina lake silitaji. Fundi huyo alikuwa ameunganisha waya mwekundu na wa njano pamoja, akazipeleka zote mbili kwenye umeme wa moja kwa moja wa betri. Shemeji naye alikuwa akiizima redio kwa kushusha sauti hadi sifuri, akiamini kuwa ufunguo ukitoka, redio nayo inalala. Haikulala. Ilicheza nyimbo zote za kwenye flashi usiku mzima bila kusikika, huku ikichaji simu yake.

Tulisukumwa na matandiboi wawili, tukalipa soda, tukafika Muyinga saa nne. Mteja alikuwa amekwisha kununua kwa mwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizia habari za redio za magari kila ninapopita Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura ambao mafundi wake wa magari wanajulikana nchi nzima. Wengi wanaofika pale ni ndugu waliorudi kutoka Tanzania, na wafanyabiashara wanaoishi njiani kati ya Ngara, Kobero na Gitega. Wana muziki, mahubiri na mawaidha kwenye simu, na wana gari lililotoka Japani. Tatizo ni kuvikutanisha hivyo viwili bila kuchoma pesa.

Anza na redio iliyokuja na gari. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, kuanzia megahezi 76 hadi 90. Kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani inapata kijisehemu tu cha stesheni zetu, na mwenye gari anadhani antena imekufa. Kuna kijisanduku kinachofungwa kwenye waya wa antena ambacho hushusha masafa. Kikishusha kwa 16, stesheni ya 100 utaipata kwenye 84. Kinasaidia, ila hakiwezi kukupa zote, kwa sababu dirisha la Kijapani lina upana wa megahezi 14 tu na la kwetu lina zaidi ya 20.

Kama redio hiyo ina skrini ya ramani, jihadhari zaidi. Nyingi za aina hiyo zikikatiwa umeme wa betri hudai kadi ya ramani au namba ya siri, kwa Kijapani, na bila kupewa hazichezi kitu. Mtu ananunua gari Dar es Salaam redio ikiimba vizuri, anabadilisha betri Kahama, na kuanzia hapo anaendesha kimya hadi nyumbani. Hilo si kosa la fundi wa betri, lakini ni vizuri kumwambia mapema.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Iliyo rahisi kuliko zote ni kile kirusha mawimbi cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kinapokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth au kwenye flashi, kisha kinaurusha kama stesheni ndogo ambayo redio ya gari inaikamata. Hakuna kukata waya. Lakini kumbuka hesabu ya hapo juu. Kirusha mawimbi hutumia 87.5 hadi 108, na redio ya Kijapani inaishia 90, hivyo mnakutana kwenye uchochoro wa megahezi mbili na nusu tu. Ukipata nafasi tupu hapo, bahati yako. Ukivuka mpaka au ukiingia mji mwingine unakuta nafasi hiyo imekaliwa na stesheni kubwa, na mahubiri yako yanachanganyika na matangazo ya biashara. Kwa safari za ndani ya mji mmoja kinafaa. Kwa mtu wa mpakani, mimi sikipendekezi.

Njia ya pili ni tundu la AUX, lile duara la milimita 3.5. Ukiwa na redio yenye tundu hilo, waya mmoja wa bei ndogo unamaliza kazi, na sauti yake ni safi kuliko ya kurushwa hewani. Ndiyo njia ninayowashauri wenye iPod za zamani. Vifaa hivyo vilianza kuuzwa mwaka 2001, Apple ikaacha kuvitengeneza mwaka 2022, na bado vinazunguka mikononi mwa watu. Usitegemee redio ya bei nafuu kuisoma iPod kupitia USB. Nyingi hazitaiona kabisa. Simu nyingi za siku hizi nazo hazina tundu la waya, tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 ilipoueneza mtindo wa kuliondoa, kwa hiyo angalia simu yako kabla ya kununua waya.

Kama gari ni Corolla la zamani lenye kaseti, usikimbilie kung'oa. Mama mmoja niliyemkuta Buyenzi alikuwa amebeba kaseti tatu za kwaya zilizorekodiwa katika kambi ya Mtabila, Kasulu, kabla kambi hiyo haijafungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Fundi kijana alikuwa anamshawishi atupe "hilo boksi" aweke redio ya kisasa. "Mama, kaseti zimekwisha kufa," akamwambia. Mama akamjibu kuwa waliokufa ni baadhi ya waimbaji, kaseti bado inaimba. Kwa gari la namna hiyo ipo kaseti bandia yenye waya: unaitumbukiza kama kaseti ya kawaida, waya unauchomeka kwenye simu, na muziki unapita kwenye kichwa cha redio. Kaseti za kweli nazo zinabaki na mahali pa kuchezewa hadi zihamishiwe kwenye simu.

Kwa wengi, hata hivyo, jibu ni redio mpya ndogo yenye USB, AUX na Bluetooth. Shemeji aliinunua yake Kariakoo kwa shilingi 65,000 za Tanzania. Kabla ya kutoa pesa pima tundu la dashibodi. Redio ndogo ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50, na kubwa ina 180 kwa 100. Toyota za Japani zina tundu la milimita 200 kwa 100. Maana yake ni kwamba hata redio kubwa itaacha ufa wa sentimita moja kila upande, na ndogo itaacha shimo chini yake. Nunua vipande vya plastiki vya kuziba papo hapo dukani, kwa sababu ukifika nyumbani fundi atakuzibia kwa katoni.

Usidanganywe na maandishi ya nguvu. Boksi likisema wati 60 mara nne, geuza redio utazame fyuzi iliyo mgongoni. Fyuzi ya ampea 10 kwenye volti 14 za gari linalotembea haiwezi kupitisha zaidi ya wati 140 kwa jumla, na sehemu kubwa ya hizo huishia kuwa joto. Zile 240 zinatoka wapi? Kwa kila spika tegemea wati 15 hadi 20 za kweli, ambazo zinatosha kabisa. Mara nyingi kinachoharibu sauti ni spika za miaka 15 zilizochanika karatasi, na hapo hata redio ya dola 200 haitasaidia.

Flashi nayo ina mambo yake. Redio za bei nafuu husoma mpangilio wa FAT32, na kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida huja na mpangilio mwingine. Chukua ya 8 au 16. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kawaida hula karibu MB moja kwa dakika, hivyo GB 8 zinabeba nyimbo kama 2,000 za dakika nne nne. Nyimbo zisipoonekana, huenda simu ilizihifadhi kama M4A. Mwombe kijana wa kompyuta azigeuze ziwe MP3.

Tumefika kwenye nyaya, ambako ndiko pesa za watu zinakoungulia. Redio ya dukani ina rangi zake: njano ni umeme wa kudumu, unaotunza saa na stesheni, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukifunguliwa, nyeusi ni chasisi. Spika ni nyeupe na kijivu kwa mbele, kijani na zambarau kwa nyuma, kila moja na pacha wake mwenye mstari mweusi.

Gari la Toyota lina rangi nyingine kabisa. Humo umeme wa kudumu ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo ni wa kijivu, na chasisi ni wa kahawia. Mweusi, wa njano, mwekundu na mweupe ni nyaya za spika za nyuma! Sasa mfikirie fundi anayeunganisha rangi kwa rangi, njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi. Redio haitawaka. Ataanza kubahatisha, na katika kubahatisha atapeleka volti 12 mahali pa spika, moshi utoke, kisha akuambie redio ilikuwa mbovu.

Dawa yake ni soketi ya kubadilishia ya Toyota, ambayo upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari na mwingine una nyaya za kuungia redio. Ni ya bei ndogo na inaokoa nyaya za gari zisikatwe. Hata ukiwa nayo, mwambie fundi apime kwa taa ya majaribio: waya unaowasha taa muda wote ndio wa njano ya redio, na unaowasha ufunguo ukifunguliwa tu ndio wa nyekundu. Fundi akikataa kupima, chukua ufunguo wako uondoke. Akishajua zilipo, atoe kwanza waya wa hasi wa betri ndipo aanze kuunganisha.

Mambo mengine mawili ya kusimamia kwa macho. Probox nyingi zina spika za mbele tu. Zile nyaya za kijani na zambarau zisizotumika zifungwe tepu moja moja, kwa sababu zikigusa bati la gari, redio inaweza kufa. Na skrubu za pembeni zirudishwe zile zile fupi za mwanzo. Ndefu zinaweza kupenya hadi kwenye bodi ya redio.

Wenye Fuso na malori mengine makubwa, hesabu yenu ni tofauti. Gari lina volti 24 na redio inataka 12. Mafundi wengi hukimbilia kuvuta umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Redio inacheza, ni kweli, lakini betri hiyo inachoka wakati mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi kadhaa unanunua zote mbili. Weka kishusha volti cha ampea 10. Utaona bei yake ni ndogo mbele ya bei ya betri.

Kwa mnaonunua za kuuza, neno moja la forodha. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na upo utaratibu rahisi kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Lakini utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Redio iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu imenunuliwa Kariakoo. Dai risiti ya mashine ya EFD, usiufiche mzigo chini ya viti, na piga hesabu ya ushuru kabla ya kupanga bei.

Redio ya shemeji ilifunguliwa tena na mzee mmoja wa Buyenzi. Alipima kwa taa yake, akatenganisha ule waya mwekundu na wa njano, akaufunga mwekundu kwenye wa kijivu wa gari. Kazi ilichukua dakika 20. Katika foleni za mafuta za mwaka 2024 shemeji alilala ndani ya gari lile mara kadhaa, ufunguo ukiwa mfukoni na redio imezimika kweli, na kila asubuhi gari liliwaka. Yule mteja wa Muyinga bado hajarudi kununua mchele kwake.