Cheti Kipya, Gari Kuukuu

Alfajiri, kabla ukungu haujainuka juu ya Ziwa Kivu, magari madogo ya abiria ambayo Wanyarwanda huyaita twegerane huanza kupakia katika kituo cha Kamembe. Mengine huteremka Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Mengine hufuata vijiji vya kando ya ziwa. Na mara kwa mara moja lililokodiwa kwa arusi au msiba hushika njia ya Ntendezi kuelekea msitu wa Nyungwe. Mengi ni Toyota HiAce, na si machache yaliyokwisha kutumika miaka mingi katika nchi nyingine kabla ya kufika hapa Rusizi, wilaya ambayo wazee wengi bado huitaja kwa jina la Cyangugu.

Gari la namna hiyo ndilo ambalo askari anayekaribia kustaafu hulipigia hesabu usiku pamoja na mkewe. Kuna akiba katika Zigama CSS, taasisi ya akiba na mikopo ya wanajeshi na polisi iliyoanzishwa mwaka 1997. Kuna mkopo unaoweza kuongezwa juu yake. Na kuna ada za shule ambazo hazingoji. Gari jipya halifikiki. Kuukuu lapatikana, na muuzaji, akiisha kuona mashaka usoni mwa mnunuzi, hutoa cheti cha ukaguzi na kukikunjua juu ya boneti.

“Afande, karatasi yenyewe hii hapa. Limetoka kontrole juzi tu. Unataka ushahidi gani tena?”

Swali hilo lastahili kujibiwa kwa makini, maana akiba ya miaka ishirini yaweza kupotea kwa kutolijibu, na si akiba peke yake.

Ukaguzi wa magari nchini Rwanda, ambao wengi kwa kufuata Kifaransa huuita kontrole tekiniki, umo mikononi mwa Polisi ya Taifa. Kituo kikuu kilikuwa Remera, Kigali, na baadaye vikaongezwa vya Huye, Musanze na Rwamagana. Gari la mtu binafsi hukaguliwa mara moja kwa mwaka. La biashara, yaani lichukualo abiria au mizigo kwa malipo, kila miezi sita. Kazi kubwa hufanywa na mitambo. Magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma, huwekwa juu ya mitungi inayozunguka, dereva hukanyaga breki, na mashine huonyesha nguvu ya kila upande. Upande mmoja ukizidi mwingine kupita kiasi, gari limeshindwa, kwa kuwa barabarani lingevutwa kando. Taa hupimwa mwelekeo wake, na gari huchunguzwa kwa chini ili kuona usukani uliolegea, shokomzoba zinazovuja na fremu iliyoliwa na kutu. Mashine haina ndugu wala rafiki, na kwa hilo yafaa ishukuriwe.

Lakini mashine husema tu lile iliyoonyeshwa. Kwa kawaida gari hufika kituoni tupu, breki zake zimepoa, nalo limeandaliwa kwa siku hiyo. Wapo hata wanaoazima matairi mazuri kwa jirani na kuyarudisha jioni. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960 kwa magari yaliyopita miaka 10, ikipima breki, taa na usukani. Huko nako, hata leo, cheti hushuhudia hali ya gari katika saa ya kupimwa, wala si dhamana ya wiki inayofuata.

Tofauti kati ya gari tupu na gari lililojaa si jambo dogo. Katika HiAce nyingi za zamani, nyuma chini ya bodi, kuna vali ya breki iliyounganishwa na ekseli. Gari likiwa tupu, vali hiyo hupunguza nguvu inayokwenda kwenye breki za nyuma, ili magurudumu yasijifunge na kuteleza. Gari likijaa, bodi hushuka, vali hufunguka, na breki za nyuma huchukua sehemu yao ya kazi. Sasa tuseme tope na kutu vimeigandisha vali hiyo katika hali yake ya utupu. Kituoni gari laweza kufaulu bila shida, kwa kuwa ni tupu. Likipakia abiria 14 na magunia juu, karibu mzigo wote wa kusimamisha huangukia breki za mbele, ambazo hazikuundwa kuubeba peke yake. Kasoro hiyo haina kelele. Mafundi wa kubahatisha huifunga kwa waya na kuendelea na mambo mengine.

Na mlima uko karibu. Kamembe iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Nyungwe hupanda kupita mita 2,300. Bonde la Bugarama liko karibu na mita 1,000. Gari lenye uzito wa tani 2 na nusu pamoja na watu wake, likiteremka mita 600 kwa wima, hutoa nguvu ambayo yote ikigeuka joto ingetosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Sehemu ya nguvu hiyo huzuiwa na upepo na injini. Inayobaki huingia kwenye breki.

Hapo ndipo mafuta ya breki yanapofanya hila. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji hesabu hiyo huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyezeka, na pedali huzama mpaka sakafuni bila kushika kitu. Mashine ya kituoni, inayopima breki kwa muda mfupi, haiwezi kuligundua jambo hilo. Kuyabadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo kuliko tairi moja.

Tena kuna tabia ya kuteremka kwa gia huru, hata injini ikiwa imezimwa, ati kubana dizeli. Katika HiAce za dizeli za zamani, msaada unaoifanya pedali iwe nyepesi hutokana na pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya alteneta. Injini ikizimika, pampu nayo imekufa. Baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedali huwa ngumu kama jiwe. Dereva mwenye busara huteremka kwa gia ileile ambayo angepandia.

Kasoro nyingine za gari kuukuu ni za kawaida na huonekana upesi: balbu zilizoungua, taa zinazomulika angani, vifundo vya usukani vilivyochakaa, breki ya mkono isiyoshika, moshi mweusi. Kuhusu gari lililogeuzwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto ili likubalike Rwanda, mnunuzi ana haki ya kuwa mkaidi, na kuuchungulia kila muungo wa chuma kwa tochi.

Mnunuzi asiyekuwa fundi naye ana vipimo vyake. Injini ikiwa imezimwa, na akanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, aishikilie hapo, kisha awashe: pedali ikizama kidogo, ule msaada upo. Aendelee kuikanyaga kwa dakika moja; ikizidi kuzama polepole, kuna mahali panapovuja. Ubavuni mwa tairi huwa na tarakimu nne: 2319, mathalani, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na pamoja na cheti kipya, aombe karatasi za ukaguzi uliotangulia, hasa zile za kushindwa, kwa kuwa karatasi ya kushindwa ina maneno mengi kuliko ya kufaulu.

Kisha amwombe muuzaji kibali cha kupakia magunia kadhaa ya mchele, magunia wala si watu, na fundi wanayeaminiana aliteremshe gari polepole kwa gia ndogo kuelekea Bugarama, akikanyaga breki kwa kiasi. Chini ya mteremko wasimame mahali pa usalama. Mkono usogezwe karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma, wa kushoto ukilinganishwa na wa kulia, wa mbele kwa wa mbele, wa nyuma kwa wa nyuma. Gurudumu lililobaki baridi wakati mwenzake anawaka halikufanya kazi njia nzima, na bei iliyotajwa kule Kamembe haijawa bei bado.