Kuhesabu Vijana na Kuhesabu Amri

Ikiwa mna Biblia karibu, fungueni Injili ya Luka sura ya pili, kuanzia mstari wa 41. Ni habari mnayoijua. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kwenye sikukuu, na katika kurudi walitembea siku nzima kabla ya kugundua kwamba mtoto hawanaye. Siku nzima! Wala hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa katika kundi kubwa la jamaa na majirani, na kila mmoja alidhani mtoto yuko kwa mwingine.

Mwezi wa Agosti uliopita tuliielewa habari hiyo kuliko tulivyoielewa chuoni. Tulipewa kazi ya kuwasindikiza vijana thelathini na wawili kutoka Thika na Ruiru kwenda kongamano la vijana wa Kilutheri, la siku tatu, katika shule moja ya bweni upande wa Ruiru. Tulikuwa walezi wawili, mchungaji na mama mmoja wa Chama cha Akina Mama, na tukisema "sisi" katika mazungumzo haya twamaanisha sote wawili, kwa maana hakuna lililompata mmoja lisimpate mwenziwe.

Safari yenyewe haikuwa ndefu. Wazee wetu wanakumbuka Ruiru ilipokuwa mashamba ya kahawa huku na huku. Leo ni nyumba za ghorofa mpaka ukingoni mwa barabara kuu, na basi lilifika kabla wimbo wa tatu haujaisha. Tulilolipata zito lilikuwa kabla ya kuondoka. Mzazi mmoja alitushika mkono pale mlangoni pa kanisa akauliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, hawa watoto watarudi Waanglikana?" Hakuwa akifanya mzaha. Sisi watu wa Kiambu tumezoea Wapresbiteri, Wakatoliki na makanisa ya kujitegemea, lakini Mlutheri wengi wetu hatujapata kuketi naye. Walutheri wa Kenya walianza kazi yao mwaka 1948 kule Itierio, nchi ya Kisii, kwa mkono wa wamishenari wa Swideni, na mpaka leo wengi wao wako mbali na kwetu. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania mambo ni mengine kabisa: huko KKKT, iliyoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kilutheri duniani.

Tulimjibu yule mzazi kwamba watarudi kama walivyokwenda. Jibu lile lilikuwa la haraka mno, kama mtakavyoona.

Kazi ya mlezi ni nini? Kwanza ni kuhesabu. Unahesabu wakipanda, unahesabu wakishuka, unahesabu kabla ya kulala na kabla ya uji. Kila kijana awe na barua ya mzazi na nambari ya simu ya nyumbani. Wasichana walale bweni lao na mama mlezi, wavulana lao, na mtu mzima yeyote, hata akiwa amevaa kola ya uchungaji, asikae peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu kila aliye chini ya miaka kumi na minane kuwa mtoto, na kanisa halina ruhusa ya kuwa legevu kuliko serikali. Hayo wenyeji wetu waliyapanga vizuri, tena kwa utaratibu ambao sisi tungefaa kuuiga.

Ibada ya kwanza ilitushangaza kwa kuwa haikutushangaza. Vijana wetu walijua wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti; maungamo, Imani, na lile ombi la kuomba rehema vilifuatana kama nyumbani. Wala si ajabu. Zile Kanuni Thelathini na Tisa za kanisa letu, za mwaka 1571, zimechota mengi katika Ungamo la Augsburg ambalo Walutheri walilisoma mbele ya mfalme wao mwaka 1530. Basi tukatulia, tukadhani kazi imekwisha.

Ijumaa usiku akasimama mwinjilisti mmoja, mzee wa makamo kutoka Kisii, mwenye sauti ya upole. Akawaonya vijana juu ya amri ya sita. Akasema shetani anawatega kwa amri ya sita usiku, kwa simu, wakiwa peke yao kitandani. Akasema wengi walio hapa wameivunja amri ya sita mioyoni mwao hata kama mikono yao haijaivunja. Vijana wa Kilutheri wakainamisha vichwa. Wa kwetu wakatazamana. Baadaye mama mlezi aliona daftari la msichana mmoja, ameandika: "Kuua watu kwa simu??"

Mnacheka, nasi tulicheka. Lakini Jumamosi kicheko kilikwisha. Kulikuwa na shindano la maswali ya Biblia, na kundi letu likaulizwa amri ya nne. Wakajibu kwa pamoja, bila kusita: ni ya kuikumbuka siku ya Sabato. Wakaambiwa wamekosa, amri ya nne ni ya kuwaheshimu baba na mama. Alama ikaenda kwa wengine. Manung'uniko yakaanza, mmoja wa wetu akasema kwa sauti kwamba hawa hawaijui Biblia, na kijana wa upande wa pili akamrudishia neno ambalo hatutalisema redioni.

Sasa, wapendwa, tueleze jambo hili polepole, kwa maana tuligundua kwamba hata walezi hatukuwa tayari kulieleza. Maandiko yanasema wazi kwamba amri ni kumi. Someni Kutoka 34:28 na Kumbukumbu la Torati 4:13. Lakini katika Kutoka sura ya 20 na Kumbukumbu sura ya 5, zinapoandikwa, hazikuwekewa nambari. Hakuna mahali Musa alipoandika "ya kwanza, ya pili, ya tatu." Kuhesabu kulikuja baadaye, na watu wa Mungu hawakuhesabu kwa njia moja. Wayahudi wana hesabu yao. Sisi Waanglikana, pamoja na Wapresbiteri na Waorthodoksi, twaihesabu amri ya sanamu peke yake kuwa ya pili. Walutheri, pamoja na Wakatoliki, wanafuata hesabu ya Augustino, yule askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini: neno la sanamu wanaliweka ndani ya amri ya kwanza, na mwishoni wanaigawa ile ya kutamani kuwa mbili, ili zitimie kumi. Ndivyo alivyozifundisha Martin Luther katika katekisimu yake ndogo ya mwaka 1529, na ndivyo mtoto wa Kilutheri anavyozikariri hadi leo.

Basi kuanzia hapo nambari zote zinasogea. Iliyo ya tano kwetu, ya wazazi, kwao ni ya nne. Ya kuua, kwetu ya sita, kwao ni ya tano. Na ya sita yao ni ya uzinzi. Mwinjilisti alikuwa amehubiri sawasawa, na vijana wetu walikuwa wamejibu sawasawa.

Na sisi? Sisi tulikwenda kwa mwenye kusimamia shindano kudai ile alama. Twaungama. Mwalimu wa neno la Mungu, aliyekaa chuo cha theolojia miaka mitatu, alisimama akagombania alama moja mbele ya watoto, badala ya kuwaketisha wote na kuwaeleza haya tuliyowaeleza ninyi sasa.

Usiku ule tulihesabu kabla ya kulala. Thelathini na mmoja. Tukahesabu tena. Thelathini na mmoja. Aliyekosekana alikuwa mvulana wa Ruiru wa miaka kumi na mitano, mtoto mtulivu, wa aina ile ambayo mlezi huisahau kwa kuwa haimsumbui. Wenzake walidhani yuko jikoni akisaidia kuosha sufuria za githeri. Wale wa jikoni walidhani amekwisha kulala. Tulichukua tochi tukazunguka mabweni, vyoo, uwanja, mpaka langoni, ambako mlinzi alisema hakuna aliyetoka. Mama mlezi alikuwa ameanza kulia kimya kimya. Tulikuwa na simu mkononi na nambari ya mama yake mbele ya macho, na kidole hakikubali kubonyeza.

Tulimkuta katika chumba cha kulia, mlango wazi, taa inawaka, wapishi wawili wakipanga vikombe upande mmoja, naye ameketi mezani na yule mwinjilisti wa Kisii. Mbele yao Biblia mbili na katekisimu. Alikuwa amekwenda kuuliza. Alikuwa ameuliza lile ambalo sisi hatukulieleza.

Twatamani kusema tulimshukuru Mungu papo hapo. Tulimkemea. Tulimkemea mbele ya mzee, kwa ukali, kwa hofu iliyokuwa imetushika nusu saa nzima. Kijana akasimama, akasema, "Samahani, Mchungaji. Nilifikiri mko kwenye kikao cha walimu." Akaongeza, bila ujeuri, "Lakini mzee amenieleza." Yule mzee hakujitetea. Alituambia tu, "Pasta, kosa ni langu, ningalituma mtu." Tulirudi bwenini tukiwa na thelathini na wawili, na hatukulala vizuri.

Asubuhi tulimwomba kijana msamaha, mbele ya wale wale waliosikia tukimkemea. Naye akatuuliza swali lake la pili. Ilikuwa Jumapili, siku ya Meza ya Bwana, na wenyeji walikuwa wametuarifu kwa heshima kwamba katika ushirika ule watakaopokea ni wale waliofundishwa katika kanisa lao. Wageni wakaribie na kuinamisha kichwa, watabarikiwa. Kijana akauliza, "Kwetu huwa mnawaalika wote waliobatizwa na wanaoshiriki makwao. Mbona hapa hapana? Sisi tuna kosa gani?"

Tulimwambia kwamba jambo hili lilikwisha kutikisa kanisa katika Kiambu hii hii. Mwezi Juni mwaka 1913 wamishenari wa madhehebu mbalimbali walikutana Thogoto, kwenye misheni ya Waskochi, kutafuta umoja, na mwishoni wakashiriki Meza moja wakiongozwa na Askofu Peel wa Mombasa, naye Askofu Willis wa Uganda akiwapo. Askofu Weston wa Zanzibar aliposikia, aliwashtaki kwa uzushi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na jambo likaenda hadi 1915 ndipo likajibiwa. Watu hawa wote walimpenda Bwana. Na wenyeji wetu wa Kilutheri wana sababu yao: wanaamini kwamba mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika mkate na divai, na wakisoma 1 Wakorintho 11 wanaogopa kumpa mtu ambaye hawajampima. Hawakutufungia mlango kwa dharau. Huko Ulaya ya kaskazini, Waanglikana wa Uingereza na Walutheri wengi wa nchi za jirani walikubaliana kupokeana mezani mwaka 1996, na Marekani na Kanada wakafanya hivyo mwaka 2001. Sisi hapa twaendelea kuzungumza.

Kisha tukamsimulia juu ya Krapf. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, ametumwa na CMS, chama cha kanisa letu. Mwaka ule ule akamzika hapo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akaja Rebmann, wakaanza kazi Rabai. Kila Mwanglikana wa Kenya anawaita baba zake. Lakini wote wawili walilelewa katika kanisa la Kilutheri la Württemberg, Ujerumani, kwa maana siku zile CMS ilikosa Waingereza wa kutosha waliokubali kutumwa. Naye Krapf ndiye aliyezitia sala zetu za asubuhi na jioni katika Kiswahili, zikachapwa Tübingen mwaka 1854.

Kijana akafikiri kidogo. "Kwa hiyo Krapf angekuja hapa leo angeketi upande gani?"

Hatukuwa na jibu, tukamwambia hivyo. Kengele ikalia tukaingia. Wakati wa Meza vijana wetu walikwenda mbele, wakainamisha vichwa wakabarikiwa. Yeye alibaki kitini. Hatukumsukuma. Mama mlezi akabaki naye.

Jioni basi lilisimama Ruiru, kisha Thika, nasi tukahesabu mara mbili kila mahali. Yule mzazi wa mlangoni alikuwa anangoja. Tulimwambia watoto wamerudi wote, ila wamerudi na maswali, na kwamba mengine ni yetu wazee kuyajibu.

Maana sasa imekuwa zamu yetu. Vijana wa Kilutheri tumewaalika Thika likizo ya Aprili, na yule mwinjilisti amekubali kuja nao. Itabidi Jumapili ile mchungaji atangaze mbele ya Meza ni nani anayekaribishwa, na wakikaribishwa, huenda wao wenyewe wakabaki vitini. Baadhi ya wazee wa kanisa wanasema tuwaalike kama desturi yetu; wengine wanasema tusiwaweke wageni katika shida mbele ya watu. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na tumeomba yule kijana wa Ruiru aje aseme neno. Tukumbukeni katika maombi siku hiyo.