Kiharusi kwa Vijana: Kusimama Hufundishwa



Katika baraza za Tunguu, kama ilivyo mjini, kila panapotajwa kijana aliyepatwa na kiharusi husikia kauli moja: "Mwacheni apumzike." Ni kauli ya huruma, lakini ikifuatwa miezi na miezi humfanya mtu wa miaka 35 kuwa wa kitandani.

Kiharusi ni sehemu ya ubongo kukosa damu, au damu kuvujia ndani yake. Kwetu si maradhi ya mbali. Uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikadiria, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai.

Mtu husimama bila kuyumba kwa sababu ubongo hupokea habari kutoka machoni, sikio la ndani na nyayo, kisha huamrisha misuli. Kiharusi huvuruga mawasiliano hayo. Bahati njema, sehemu za ubongo zilizosalimika zinaweza kujifunza kazi hiyo, kwa sharti la kurudia sana.

Kurudia nini? Kile kile mgonjwa anachotaka kukiweza: kunyoosha mkono kufikia kikombe kilicho mbali kidogo, kuinuka kitini, kuegemeza uzito mguu dhaifu, kupanda ngazi. Mwaka 1997, Dean na Shepherd wa Australia waliwafanyisha zoezi la kufikia vitu wagonjwa waliopitisha angalau mwaka tangu kiharusi. Baada ya wiki mbili walifikia mbali zaidi, na mguu dhaifu ukabeba uzito zaidi. Basi mtu asikwambieni kuwa wakati umepita.

Hata hivyo, pupa haifai. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mara nyingi mno kuanzia saa 24 za mwanzo kulipunguza nafasi ya kupona vyema. Mwanzo ni wa daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nyumbani, kiti kiegemezwe ukutani, msaidizi asimame upande dhaifu, presha ipimwe na dawa zisikatizwe.

Kijana ana kazi, ana watoto, anapanda daladala. Haimtoshi kuvuka chumba kwa mkongojo. Afundishwe pia kugeuka, kubeba kitu huku anatembea, na kuinuka kutoka sakafuni. Mpeni mkono, lakini msimfanyie kila kitu.