Asidi ya Foliki: Jina Lililotokana na Jani

Mama mjamzito ahudhuriapo kliniki, aghalabu hupewa vidonge vya madini ya chuma vilivyochanganywa na asidi ya foliki. Jina hilo, ambalo Waingereza huliandika "folic", lina maana iliyo wazi kwa ajuaye Kilatini: "folium" ni jani.

Neno hilo la Kilatini limezaa ukoo mkubwa katika Kiingereza. "Foliage" ni majani ya mti kwa jumla. "Foil" ni metali iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba kama jani. "Folio" ni karatasi iliyokunjwa mara moja ikatoa kurasa nne, na mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa London mwaka 1623 hujulikana kwa jina hilo. Wala kuliona jani katika karatasi si jambo la Wazungu peke yao. Kiarabu hutumia "waraqa" kwa vyote viwili. Waswahili walilipokea neno hilo likawa waraka, ila jani lenyewe wakaliacha Uarabuni.

Asidi ya foliki ilijulikana kwa kazi yake kabla ya kupewa jina. Karibu na mwaka 1930, daktari Mwingereza Lucy Wills alichunguza upungufu wa damu uliowasumbua wanawake wajawazito mjini Bombay, India. Aligundua kwamba dondoo ya hamira iliwaponya, lakini kiini chake hakikujulikana. Mwaka 1941 Mitchell, Snell na Williams, wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, walikamua kiasi cha tani 4 za spinachi ili kupata chembe chache za dutu hiyo; na kwa kuwa waliitoa katika majani, wakaiita foliki. Lau wangalianzia kwenye maini, ambayo pia yana wingi wa vitamini hiyo, huenda leo ingeitwa vingine.

Mwili huihitaji vitamini hii katika kuunda chembechembe mpya, na hakuna wakati ambapo haja hiyo ni ya haraka zaidi kuliko mwanzo wa mimba. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga katika siku 28 za kwanza, yaani kabla wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Usipojifunga, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulihusu wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hiyo: asidi ya foliki ilipunguza kujirudia kwake kwa karibu robo tatu. Kwa sababu hiyo mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kutumia mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya kuishika. Kungoja kliniki ni kuchelewa.

Asidi iliyomo vidongeni hutengenezwa kiwandani. Ile ya asili imo kwa wingi katika mboga za majani na maharage, lakini huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Mboga ikichemshwa kwa muda mrefu na maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa hupotea pamoja nayo.