Sungusungu Waliokosea Nyumba

Paukwa! Pakawa!

Alikuwako bibi mmoja katika vilima vya Kasulu, hodari wa kumenya muhogo. Asubuhi moja jirani akapita, akamsalimu, "Mwakeye!", akanyoosha mkono. Bibi akaitikia, ila mkono wake akauficha ndani ya kanga. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, kulia na kushoto, na ngumi haikunjiki mpaka jua lipande.

Watu wakasema, "Baridi ya milimani hiyo." Hata ugonjwa wenyewe huitwa baridi yabisi. Jina hilo linaisingizia baridi bure, wajukuu zangu. Alfajiri ya Kasulu na Kibondo ina baridi kweli, lakini Dar es Salaam kwenye joto wagonjwa pia wapo.

Mnawajua sungusungu, walinzi wa kijiji? Mwilini nao wapo, kazi yao kupambana na vijidudu. Sasa siku moja wakakosea nyumba, wakampiga mwenyeji! Ndivyo kinga ya mwili inavyofanya hapa. Inashambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, unakula gegedu na mfupa, na vidole vinalalia upande wa kidole cha mwisho. Wanawake wanaougua ni mara mbili hadi tatu ya wanaume.

Bibi alipelekwa hospitali ya wilaya, akapewa rufaa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Dawa ya kuwatuliza sungusungu hao ni methotreksati. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Ukiila kila siku ni sumu. Nayo haina haraka, huchukua wiki nyingi kuonyesha kazi.

Ipo nyingine, kotizoni. Mwaka 1948 huko Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake walimpa mwanamke aliyekuwa hoi kwa ugonjwa huu, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wengine wawili. Lakini ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, kwa hiyo usimnunulie bibi vidonge vya gulioni.

Mikono ya bibi nayo ilifundishwa upya: gango la kifundo cha mkono usiku, mazoezi kwenye maji ya uvuguvugu, mpini wa kisu ukaneneshwa kwa kitambaa, ndoo ikabebwa kwa viganja viwili. Kano ikikatika, mpasuaji huiunga.

Nanyi, mkiona bibi kila asubuhi anahangaika kufungua kifuniko, msingoje. Kiungo kilicholiwa hakioti tena. Mpelekeni hospitali mapema, na muhogo wa leo umenyeni ninyi.