Drafti ya NFL: watabiri wanakosea kila mwaka, na mtoto wa wakimbizi kutoka Congo aliingia kwa jina la 64

Usiku wa tarehe 24 mwezi wa nne 2025, mji mdogo wa Green Bay, kaskazini ya Marekani, ulijaa watu waliokuja kusikiliza majina yakisomwa. Hakukuwa na mechi wala mpira uliorushwa. Kila dakika chache mtu alipanda jukwaani, akasoma jina moja, na kijana wa miaka 21 au 22 akawa tajiri.

Hiyo ndiyo drafti ya NFL, ligi kubwa ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Kila mwaka ekipe 32 zinagawana wachezaji wapya wanaotoka vyuo vikuu, kwa duru 7. Ekipe iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho. Mchezaji hachagui kitu: ekipe ikitaja jina lake, ni huko anaenda.

Kwa miezi mingi kabla ya usiku huo, maelfu ya watu wanafanya kazi moja: kutabiri majina 32 ya duru ya kwanza, moja kwa moja, kila moja na ekipe yake. Wako waandishi wa habari, watu wa televisheni, wapenzi wa mchezo walio nyumbani, na tangu miaka ya karibuni wako pia wanaotia pari. Na kila mwaka karibu wote wanakosea.

Mwaka 2025 walianza vizuri. Karibu kila orodha ilisema Cam Ward, kijana wa chuo kikuu cha Miami, atakuwa wa kwanza na ataenda Tennessee. Ikawa hivyo. Orodha nyingi zikasema Travis Hunter wa Colorado atakuwa wa pili, kwa Cleveland. Hunter akawa wa pili kweli, lakini kwa Jacksonville: Cleveland waliuza nafasi yao usiku uleule, wakarudi nyuma hadi nafasi ya 5 na kupokea nafasi zingine juu yake, pamoja na ile ya duru ya kwanza ya mwaka 2026. Jina sahihi, ekipe mbaya. Na kwa sababu kila nafasi inategemea ile iliyotangulia, orodha nzima ilianza kuanguka kama ukuta wa matofali yasiyoshikana.

Lakini kosa lililozungumziwa zaidi lilikuwa la Shedeur Sanders.

Sanders alikuwa kwotabeki wa Colorado, yule anayeshika mpira na kuongoza mashambulizi. Baba yake ni Deion Sanders, moja wa wachezaji wanaojulikana zaidi katika historia ya mchezo huo, aliyechaguliwa wa 5 mwaka 1989, na ndiye alikuwa kocha wa mtoto wake huko Colorado. Orodha nyingi zilimweka Shedeur katika duru ya kwanza. Mel Kiper, mtabiri mkongwe wa televisheni ya ESPN, alimhesabu kuwa kwotabeki bora wa mwaka, mbele ya Cam Ward mwenyewe, na mchezaji wa 5 kwa wote.

Duru ya kwanza ikaisha, jina halikutajwa. Siku ya pili zikaisha duru mbili zingine, kimya. Siku hiyo simu yake ililia, na sauti ikajitambulisha kuwa ni meneja mkuu wa New Orleans. Ulikuwa uongo: mtoto wa kocha mmoja wa Atlanta alikuwa amepata namba hiyo kwenye tableti ya baba yake na kupiga kwa kuchekesha rafiki zake. Ligi ikatoza ekipe ya Atlanta dola 250 000, na kocha mwenyewe dola 100 000. Siku ya tatu, katika duru ya 5, Cleveland wakamchukua Sanders kwa nafasi ya 144. Makwotabeki watano walikuwa wamemtangulia, na mmoja wao, Dillon Gabriel, alichaguliwa na Cleveland haohao kwa nafasi ya 94.

Aibu inapita, lakini pesa haipiti. Tangu mapatano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa mchezaji mpya unategemea namba aliyochaguliwa nayo. Cam Ward, wa kwanza, alipata mkataba wa miaka minne wa zaidi ya dola milioni 48. Sanders, wa 144, kwa miaka hiyohiyo minne, hakufika milioni 5. Watabiri waliomwahidi duru ya kwanza hawakupoteza hata senti.

Kwa nini wanakosea hivyo?

Sababu ya kwanza ni kwamba wanaojua hawasemi, na wanaosema wakati mwingine wanadanganya. Ekipe inayomtaka mchezaji fulani haiwezi kutangaza, kwa maana jirani atanunua nafasi iliyo mbele yake. Basi inaacha uvumi utembee. Mawakala wa wachezaji nao wana uvumi wao, wa kupandisha bei. Mwandishi anayepokea habari hizo mwezi wa nne ni sawa na mtu anayeuliza bei ya muhogo kwa muuzaji mwenyewe.

Pili, mambo makubwa yanafanyika nyuma ya mlango. Kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa pili, wachezaji zaidi ya 300 wanaitwa Indianapolis kwa majaribio. Watu wa nje wanaona mbio za yadi 40, kama mita 36 na nusu, na zinapendwa sana kwenye televisheni. Mwaka 2017 John Ross alizikimbia kwa sekunde 4,22, rekodi ya wakati huo, na Cincinnati wakamchukua wa 9. Hakuwa nyota aliyetegemewa. Mwaka 2024 Xavier Worthy akaivunja kwa sekunde 4,21 na akachaguliwa wa 28 tu. Lakini madaktari wa ekipe wanaona magoti na mabega, na mameneja wanakaa na kijana kwenye chumba na kumuuliza maswali. Karatasi hizo hazitoki nje. Kijana anaweza kushuka nafasi 20 kwa sababu ya mshipa ambao hakuna mtabiri aliyeuona.

Kisha kuna ajali tupu. Mwaka 2016, dakika chache kabla ya drafti kuanza, akaunti ya Laremy Tunsil ilidukuliwa na video ikaonekana, akivuta moshi kupitia kinyago cha gesi. Alikuwa anahesabiwa kati ya wa kwanza kabisa. Alishuka hadi nafasi ya 13, Miami, na kila nafasi aliyoshuka ilimkata pesa. Baadaye akawa kati ya wanaolipwa vizuri zaidi katika kazi yake ya kulinda kwotabeki. Orodha ipi ingeliweza kuandika jambo kama hilo?

Watabiri pia wanasomana. Ukiona jina limepanda kwenye orodha kumi kwa juma moja, si lazima watu kumi wamepata habari. Mara nyingi mmoja amepata, au amedhani, na tisa wamefuata. Mwaka 2023 jambo hilo lilionekana wazi. Mtu asiyejulikana aliandika kwenye intaneti kwamba Will Levis, kwotabeki wa Kentucky, anawaambia watu wake kuwa Carolina watamchukua wa kwanza. Bei za pari zikabadilika ghafula na Levis akapanda hadi karibu na juu. Usiku wa drafti, Carolina wakamchukua Bryce Young. Levis akabaki ukumbini huko Kansas City, kamera zikimwangalia, mpaka majina 31 ya duru ya kwanza ya mwaka ule yakaisha. Akachaguliwa kesho yake, wa 33. Wenye kutia pari kwa uvumi huo walipoteza pesa zao. Vijana wa miji yetu wanaokaa mbele ya biro za pari na karatasi mkononi hawahitaji kuelezwa.

Pari hizo hazikuwa na nafasi kubwa zamani. Ilikuwa mwaka 2018 ambapo mahakama kuu ya Marekani iliruhusu majimbo yapange yenyewe kuhusu pari za michezo. Kabla ya hapo, kutabiri drafti kulikuwa zaidi kazi ya heshima na ya kutaniana. Kiper alianza kwa kuandika vitabu vyake mwenyewe akiwa kijana huko Baltimore, na ESPN wakamchukua mwaka 1984, miaka minne baada ya televisheni hiyo kuonyesha drafti kwa mara ya kwanza. Mwaka 1994 aliwasema vibaya Indianapolis hewani kwa kumchukua mlinzi Trev Alberts wakati kwotabeki Trent Dilfer alikuwa bado yupo. Meneja wa ekipe hiyo, Bill Tobin, akajibu hewani kwa hasira, akiuliza Kiper ni nani, na kusema Kiper hana ujuzi wa kumshinda jirani yake mpeleka barua. Alberts aliumia na kuacha mchezo baada ya misimu mitatu. Dilfer alikuja kuwa bingwa, lakini na Baltimore, si na ekipe iliyomchagua. Hesabu ya nani alishinda siku hiyo bado inabishaniwa.

Mtu angesema basi watabiri waachwe, ekipe zenyewe zinajua. Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, walichunguza jambo hilo kwa miaka mingi ya drafti. Walichukua wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa mmoja baada ya mwingine, wakaangalia nani alifanya vizuri zaidi. Aliyechaguliwa mbele alishinda mara 52 hivi kwa 100. Karibu na kurusha sarafu hewani. Hao ni watu wenye madaktari, video zote, na mamilioni ya kulipa wapelelezi wa vipaji. Tom Brady, mwenye mataji saba, alikuwa wa 199 mwaka 2000.

Wakongomani wana kurasa zao katika historia hii. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974 na kukulia Québec, Canada, alipoanza kucheza. Akiwa na chuo kikuu cha Michigan, mwezi wa kumi na moja 1995, alikimbia na mpira yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State, iliyokuwa haijapoteza mechi mwaka huo, na Michigan wakashinda 31-23. Mwaka uliofuata Carolina wakamchagua wa 8. Eddie George, mkimbiaji wa Ohio State hiyohiyo na mshindi wa tuzo kubwa ya wachezaji wa vyuo, alingoja hadi nafasi ya 14. Kufuatana na mechi ile, Carolina walionekana wenye akili. Lakini goti la Biakabutuka liliumia katika msimu wake wa kwanza, na majeraha hayakumwacha tena. Aliacha mwaka 2001. George alipita yadi 10 000.

Wa karibuni ni Andrew Mukuba. Wazazi wake walikimbia vita vya Congo, yeye akazaliwa Zimbabwe, na familia ikafika Austin, Texas, alipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Wakimbizi kutoka Congo walikuwa kati ya makundi makubwa zaidi yaliyopokelewa Marekani hadi mwaka 2024, na watoto wao wengi wanajifunza mchezo huo shuleni kwa sababu ndio unaochezwa huko. Mukuba alicheza mlinzi wa nyuma katika chuo cha Clemson kwa miaka mitatu, kisha akarudi Texas kwa msimu wa 2024, ambapo alinasa pasi tano za adui. Waliokosoa walitaja uzito wake: ni mwepesi kwa kazi ya kuangusha watu wazito.

Tarehe 25 mwezi wa nne 2025, ekipe ya Philadelphia ilimtaja wa 64, jina la mwisho la duru ya pili. Philadelphia walikuwa mwisho wa mstari kwa sababu walikuwa mabingwa. Ni ekipe hiyohiyo iliyoanzisha yote: mwenyewe wake wa zamani, Bert Bell, alichoka kuwa wa mwisho, akapendekeza wanyonge wachague kwanza, na drafti ya kwanza ikafanyika katika hoteli moja ya Philadelphia mwezi wa pili 1936. Yeye mwenyewe alichagua wa kwanza, akamtaja Jay Berwanger. Berwanger hakucheza hata mechi moja ya NFL.

Drafti ya 2025 ilipoisha siku ya posho, jukwaa la Green Bay lilikuwa bado halijabomolewa na tayari orodha za mwaka 2026 zilianza kutoka. Nyingi ziliandika jina moja juu kabisa: Arch Manning, kwotabeki wa Texas, aliyekuwa ekipe moja na Mukuba. Hadi siku ile, alikuwa ameanza mechi mbili tu za chuo kikuu.