Kifandugu Kikiumia, Pesa Iende Wapi Kwanza

Mvua za Eldoret zikianza, ngazi za saruji huteleza na boda boda huruka shimo baada ya shimo. Mtu huanguka kwa makalio, kesho yake hawezi kukaa. Mara nyingi kilichoumia ni kifandugu, ule mfupa mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo. Hapo ndipo kila mtu huwa na cha kukuuzia: picha, sindano, mkanda, mto.

Kuna hali moja isiyongoja hesabu. Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikwama au haja ikitoka bila wewe kujua, au miguu ikilegea, nenda leo, hata kwa nauli ya kukopa. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi iko Barabara ya Nandi. Homa, au uvimbe wenye usaha juu ya makalio, navyo vionwe haraka.

Bila dalili hizo, usianze na eksirei. Kifandugu hakifungwi plasta. Kiwe kimevunjika au kimechubuka tu, tiba ya mwanzo ni ileile: kukiondolea uzito na kukipa muda. Mchubuko hupoa kwa wiki 4 hivi, mvunjiko kwa wiki 8 hadi 12. Picha ina maana kama ajali ilikuwa kubwa au maumivu yamepita miezi 2. Ukitajiwa bei yake, uliza papo hapo: faili imo? Kumwona daktari? Kusomewa picha? Kisha ongeza nauli ya kwenda na kurudi, tena umekalia palepale panapouma. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha.

Pesa yako ya kwanza iende kwenye mto. Ule wa pete, wenye tundu katikati, ndio huonekana sana, lakini huacha kifandugu kikining'inia huku kingo zikibana pembeni, na wa kujazwa upepo ukitoboka umekwisha. Unaofaa zaidi umekatwa pengo upande wa nyuma, nao ni mnene nyuma na mwembamba mbele, ili mwili uinamie mbele kidogo.

Wa dukani wa aina hiyo ni mzuri, ila unalipia pia kava na kusafirishiwa. Fundi wa sofa wa mtaani anaweza kuukata kwa mabaki ya sponji. Mwambie sentimita 40 kwa 40, unene wa 8 nyuma, na pengo la upana wa 10. Sisitiza sponji ngumu, ile ya hevi diuti. Sponji laini ni rahisi, lakini itabonyea mapema na utarudi kulipa tena. Patana bei pamoja na kitambaa, na ukalie dakika 10 kabla ya kutoa pesa.

Mkanda wa kiuno acha dukani. Haufiki kwenye kifandugu.

Dawa: tembe 10 za parasetamoli zisizo na jina kubwa hazifiki shilingi 100, na kazi ni ileile ya zile za pakiti ya kupendeza. Ibuprofeni husaidia, lakini si ya mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mimba. Sindano ya kemisti ni ghali zaidi na haikiponyi kifandugu. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15, siku 2 za kwanza, kisha maji ya moto kwenye chupa. Kula maharagwe, sukuma na papai, unywe maji: choo kigumu hukuumiza upya kila asubuhi.

Ukitaka kuonwa, anza zahanati au kituo cha afya cha serikali. Aliyejisajili na SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, hupata huko huduma za msingi bila kulipa. Matibabu ya juu yanahitaji michango iwe imelipwa, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Dawa zikiwa zimeisha huko, utanunua nje, kwa hiyo beba kidogo mfukoni.

Wiki 8 zikipita bila nafuu, sasa ile pesa uliyookoa ina kazi: mtaalamu wa fiziotherapia. Kabla ya kuanza, muulize vikao vingapi na kila kimoja ni bei gani. Mchague anayekufundisha mazoezi ya kufanyia nyumbani na kukuita tena baada ya wiki 2, si anayekutaka kila siku.